Dawa ya sonona isifichwe, wala isiachwe njiani

Nchi hii ilipojitawala mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliwatajia wananchi maadui watatu wa kupigwa vita: ujinga, maradhi na umaskini. Tangu hapo mengi yamefanyika katika vita dhidi ya maradhi. Zahanati zimejengwa vijijini, watoto wanachanjwa, na mama mjamzito wa Kiwangwa au Saadani anajua kwamba kliniki ni haki yake. Hata hivyo, yako maradhi ambayo hadi leo yanazungumzwa kwa kunong'ona, nayo ni sonona. Na pale maradhi yanapozungumzwa kwa kunong'ona, hata dawa yake hunywewa kwa kujificha. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Mtu aliyefiwa hulia, aliyepoteza mali husononeka, na baada ya muda hurudi katika kazi zake. Mwenye sonona hubaki katika giza kwa majuma na miezi. Usingizi humpaa, au hulala mchana kutwa asipumzike. Chakula hakina ladha, kazi aliyoipenda humchosha kabla hajaianza, na fikra za kujiona hana thamani humjia bila kukaribishwa. Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo, Kaole na kuendelea, mtu wa namna hiyo hupewa majina mengi. Mmoja atasema ana jini, mwingine atasema amerogwa na jirani, na mkubwa wake kazini atamwandikia barua ya onyo kwa uvivu. Ni mara chache mtu atasema kwamba ndugu huyu anaumwa na apelekwe hospitali.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi hii ina historia ya kuufundisha umma mambo ya afya kwa mafanikio makubwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliojifunza habari za malaria na kichocho hawakuona haya kuyataja maradhi hayo mbele ya majirani. Walimu na watumishi wa serikali ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Kazi ya kuufundisha umma juu ya sonona na matumizi salama ya dawa zake bado inawangoja watu wa namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba dawa hizi zilitoka mahali pale pale zilikotoka dawa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa hospitali ya Sea View mjini New York walikuwa wakiijaribu iproniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Wakaona kwamba wagonjwa waliokuwa wamelala kwa unyonge walianza kuchangamka, kula na kuzungumza. Karibu na wakati huo, daktari Roland Kuhn wa Uswisi aliona kwamba imipramini iliwasaidia wagonjwa wa sonona, naye akayatangaza matokeo hayo mwaka 1957. Amitriptilini ilifuata, na fluoksetini ikaruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1987. Dawa hizi mbili za mwisho zimo leo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa za malaria, shinikizo la damu na kisukari. Kwa hiyo hapana sababu ya mtu kuona aibu kwa kidonge chake.

Lakini kidonge cha sonona hakifanani na kidonge cha maumivu ya kichwa. Hakinywewi siku ya kuumwa tu na kuachwa siku ya nafuu. Wala si cha kuazimwa kwa jirani au kununuliwa dukani kwa kukisia. Daktari au tabibu ndiye wa kupima kama mtu anahitaji dawa, kwa kuwa si kila mwenye huzuni anaihitaji. Sonona nyepesi mara nyingi hutibika kwa ushauri, mazungumzo ya mara kwa mara, mazoezi ya mwili na msaada wa jamaa. Zaidi ya hayo, wapo watu ambao unyonge wao hupokezana na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, ambapo mtu halali, husema bila kupumua na hutapanya fedha. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuwashwa zaidi. Ni lazima amweleze daktari habari za vipindi hivyo, na kama yeye haoni haja, jamaa zake wamweleze.

Jambo la pili ni subira. Dawa hizi huanza kuleta nafuu baada ya majuma mawili hadi manne, na nguvu yake kamili yaweza kuchukua majuma sita au manane. Usumbufu wake, hata hivyo, hutangulia. Anayetumia fluoksetini aweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuhisi wasiwasi. Anayetumia amitriptilini hukaukiwa na kinywa, hufunga choo, husinzia na huona kizunguzungu akiinuka ghafula. Kwa wengi mambo haya hupungua baada ya siku kadhaa. Asiyeambiwa mapema huyaona kuwa ni sumu, akakitupa kidonge katika juma la kwanza, kisha akawatangazia wenzake kwamba dawa za hospitali hazifai. Mganga anayeandika dawa bila kueleza haya amefanya nusu ya kazi yake.

Usumbufu mwingine hauhitaji subira, bali unahitaji hospitali mara moja. Mgonjwa akishindwa kukojoa, moyo ukimwenda mbio au ovyo ovyo, akizimia, au akipata vipele na uvimbe wa uso, asingoje siku ya kliniki. Wenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume wawataarifu waganga kabla ya kupewa amitriptilini. Wazee wapewe kiasi kidogo na waangaliwe wasianguke. Vijana nao wanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kwamba dawa hizi ziandikwe onyo kuwa zinaweza kuongeza fikra za kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi kwa wenye umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana anyimwe dawa. Maana yake ni kwamba katika majuma ya kwanza, na kila kiasi cha dawa kinapobadilishwa, asiachwe peke yake. Akianza kusema maneno ya kuaga, akihangaika kuliko kawaida au akitaja kifo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa dawa nyingine huleta usingizi, mtu achunguze kwanza zinavyomwathiri kabla ya kurudi katika kazi za hatari. Jambo hili linawahusu dereva wa daladala ya Bagamoyo, kijana wa bodaboda wa Mapinga na mvuvi atokaye usiku na ngalawa. Amitriptilini hutumiwa usiku kwa sababu hiyo, ilhali fluoksetini aghalabu hutumiwa asubuhi ili isimnyime mtu usingizi. Aliyesahau kidonge akinywe akikumbuka, isipokuwa kama muda wa kidonge kinachofuata umekaribia. Hapo aendelee na ratiba yake ya kawaida. Kunywa viwili kwa pamoja ili kufidia kilichosahauliwa ni kosa.

Jambo la tatu ni kuchanganya. Tembo la mnazi na gongo havipatani na dawa hizi. Pombe huongeza usingizi na kizunguzungu cha amitriptilini, na yenyewe huidumisha ile sonona ambayo mtu anajitahidi kuiondoa. Tramadoli, ambayo vijana wengine huitumia kama kilevi, ni hatari zaidi. Ikikutana na fluoksetini au dawa za jamii yake, inaweza kumletea mtu degedege au hali ya kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuchanganyikiwa na kupanda joto la mwili. Katika mwambao huu kila joto la mwili huitwa malaria, na mgonjwa huyo anaweza kukalishwa nyumbani na dawa mseto mkononi huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo, zikitumiwa pamoja na fluoksetini, huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni.

Na malaria yenyewe ikithibitishwa kwa kipimo, haina budi kutibiwa. Hata hivyo, dawa mseto ya artemeta na lumefantrini inaweza kupandisha kiasi cha amitriptilini mwilini, na dawa hizo kwa pamoja zinaweza kuugusa mwendo wa moyo. Mgonjwa hapaswi kuchagua mwenyewe aache ipi. Anapaswa kumwambia tabibu wa zahanati, kabla hajaandikiwa chochote, jina la dawa anayotumia kila siku. Sentensi moja tu inatosha kumkinga. Lakini sentensi hiyo ndiyo ambayo mtu anayeficha maradhi yake haitamki.

Yafaa kusema wazi juu ya waganga wa jadi, kwa maana kujifanya kwamba hawapo ni kujidanganya. Mwaka 2003 watafiti Ngoma, Prince na Mann walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam. Kati ya wagonjwa waliokwenda katika vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, kama vile sonona na wasiwasi. Kati ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, walikuwa asilimia 48. Basi kwa waganga ndiko wagonjwa hawa waliko. Kuwatukana waganga hakutawarudisha wagonjwa hospitali. Nchini Nigeria, kuanzia mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vya Aro, karibu na Abeokuta, wakiishi na jamaa zao, na alishirikiana na waganga wa jadi bila kuiacha tiba ya kisasa. Alifahamu kwamba mtu hupona upesi akiwa miongoni mwa watu wake.

Kisomo, dua na maombi ya jamaa hayagombani na kidonge, na humpa mgonjwa nguvu ya moyo. Kinachogombana nacho ni dawa ya kunywa isiyojulikana imetengenezwa kwa nini, na amri ya kuacha vidonge ili mizizi ifanye kazi. Mganga mwenye kumtakia mgonjwa heri hatatoa amri hiyo, na mgonjwa akiisikia asiitii.

Swali jingine linalowakabili wengi katika Bagamoyo ni la mwezi wa Ramadhani. Wapo wanaoacha vidonge mwezi mzima, kisha Idi inawakuta kitandani. Dawa inayotumiwa mara moja kwa siku inaweza, kwa ushauri wa daktari, kuhamishiwa wakati wa futari au wakati wa daku. Ile inayotumiwa zaidi ya mara moja yahitaji kupangwa upya na daktari kabla mwezi haujaandama. Na ambaye daktari amemwona hawezi kufunga, dini yenyewe imemwekea mgonjwa nafasi yake. Shehe wa msikiti na mganga wa hospitali wakisema neno moja juu ya jambo hili, watu wengi watasalimika.

Jambo la nne, nalo ndilo linalowaangusha wengi, ni kuacha njiani. Mtu hupata nafuu katika mwezi wa pili au wa tatu, akajiona mzima, akaacha. Hakuna mtu wa pwani asiyejua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu haachi dawa kikohozi kinapokoma, bali huendelea hadi miezi yake sita itimie. Sonona nayo ina hesabu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wataka dawa iendelee kwa muda wa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuondoka. Anayeacha mapema yumo katika hatari ya kurudiwa na maradhi.

Kuacha ghafula nako kuna adhabu yake. Mwili uliozoea dawa huanza kuona kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, hasira na hisia kama za kupigwa na umeme. Wengine wakipatwa na haya husema wamekuwa watumwa wa dawa. Sivyo. Mtumwa wa kilevi hukitamani na huongeza kiasi kila mara, na mtumiaji wa dawa ya sonona hafanyi hivyo. Mwili unahitaji kushushwa taratibu tu, na daktari hupunguza kiasi kidogo kidogo kwa muda usiopungua majuma manne. Mama anayegundua kwamba ana mimba naye asiitupe dawa siku hiyo. Aende kliniki aeleze, kwa kuwa sonona isiyotibiwa humdhuru mama na mtoto pia.

Mambo yote haya manne yanakutana katika jambo moja, nalo ni siri. Mtumishi anayeogopa kuonekana katika foleni ya hospitali ya wilaya hupanda gari mpaka Dar es Salaam, akachukua vidonge mahali asipojulikana. Fedha ya nauli ikikosekana, vidonge vinakwisha. Mkewe hajui, kwa hiyo hakuna wa kumkumbusha. Tabibu wa karibu hajui, kwa hiyo anamwandikia dawa isiyopatana na ile ya kwanza. Mwalimu naye akihamishwa kutoka Kiwangwa kwenda mkoa wa mbali, anaondoka bila barua ya daktari, na tiba inakatika katikati ya mizigo.

Dawa ya siri hii si kutangaza maradhi sokoni. Inatosha watu watatu wajue: mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika, tabibu wa karibu, na daktari aliyeanzisha tiba. Inatosha pia mtu awe na karatasi moja yenye jina la dawa, kiasi chake na tarehe aliyoanza, na aihifadhi pamoja na kadi yake ya bima. Anayehamishwa aichukue karatasi hiyo na vidonge vya kumtosha hadi atakapopata hospitali mpya. Anayeishi mbali, kama huko Saadani, asingoje kidonge cha mwisho ndipo aanze safari, hasa wakati wa masika.

Uhifadhi nao una maana. Joto na unyevu wa pwani huharibu dawa, kwa hiyo vidonge vibaki katika pakiti yake mahali pakavu. Amitriptilini ikizidi kipimo huweza kuusimamisha moyo, na kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache ni hatari kubwa. Yafaa basi dawa ifungiwe kabatini. Kama mgonjwa amewahi kuwa na fikra za kujidhuru, jamaa yake amtunzie, na hospitali impe kidogo kidogo. Aliyezidisha, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, akimbizwe hospitali hata kama anaonekana mzima, na pakiti yake iende naye.

Viongozi wa kazi wana sehemu yao. Katika ofisi na shule nyingi, neno "Mirembe" hutumika kama tusi, wakati Mirembe ni hospitali iliyoko Dodoma ambako wananchi wamekuwa wakitibiwa kwa miongo mingi. Mkuu wa shule anayecheka tusi hilo katika chumba cha walimu amemfungia mlango mwalimu wake mgonjwa bila kujua. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na watumishi wa serikali ndio waliokuwa wanachama wake wa kwanza. Kwa watumishi na walimu, basi, kizuizi kikubwa mara nyingi si bei ya dawa bali ni hofu ya macho ya wenzao. Ruhusa ya kwenda kliniki ya akili itolewe kama inavyotolewa ya kwenda kupima presha, bila maswali ya udadisi.

Wanaohusika na ugavi wa dawa nao wasijione hawamo. Mgonjwa anaambiwa asikose hata siku moja. Anapofika dirishani akaambiwa dawa imekwisha arudi mwezi ujao, kosa la kuacha ghafula si lake tena. Dawa za akili zisiwe za mwisho katika kuagizwa na za kwanza katika kusahauliwa. Zikihesabiwa ghalani pamoja na dawa za kisukari na za shinikizo la damu, na kuagizwa kabla hazijaisha, hospitali ya wilaya na zahanati zitakuwa na haki ya kumdai mgonjwa uaminifu.

Wakati umefika kwa walimu na watumishi wa mwambao huu kulichukua jambo hili kama walivyolichukua lile la vyoo na maji safi. Mwenye sonona ajue kwamba anaumwa, na kwamba ana dawa. Anywe kwa kipimo, asichanganye, asiache bila kuagizwa, na asijifiche kwa wale wanaoweza kumwokoa. Jamaa yake naye, badala ya kumwuliza nani amemroga, amwulize kama leo amekunywa dawa yake.